Koti la Mtu Mrefu

Chapu alizaliwa kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono, na tangu siku hiyo hakuwahi kusubiri kitu duniani. Mama yake ndiye aliyembandika jina hilo, nalo likamganda mpaka utu uzima. Chai aliinywa ikiwa inachemka, ikamuunguza ulimi. Hadithi aliuliza mwisho kabla ya mwanzo. Posa ilipoletwa alijibu ndiyo kabla mjumbe hajakaa kitako, na huyo mume naye akaondoka chapuchapu vilevile, lakini hayo si ya leo. Sasa alikuwa mwanamke wa makamo, mpiga pasi kwa dobi, mwenye makovu ya moto kwenye mikono yote miwili, akiishi na mama yake katika vyumba viwili vya kupanga vilivyotazamana na ukuta wa jirani.

Mama alikuwa anakufa. Tusizunguke mbuyu. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi ilikuwa inakuja kwa vipande, na daktari alishasema apewe chochote anachotamani. Mama hakutamani uji wala tunda. Alitamani kujua jambo moja tu, lile alilokuwa akiuliza tangu ana meno ya utoto: baba yake alikufa, au aliwakimbia?

Huyo baba, yaani babu yake Chapu, alikuwa kibarua wa kiwanda cha magunia katika mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Alikuwa mrefu kupita kiasi. Msidhani natia chumvi, ushahidi upo: picha ya arusi. Mpiga picha alimlenga bibi arusi kwa mahaba yote akamsahau bwana, kwa hiyo bwana arusi yumo kuanzia mabega kwenda chini, suruali imeishia juu ya vifundo vya miguu, na kichwa kimebaki nje huko kwa wageni. Ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa. Ukoo mzima ulimjua babu kwa mabega.

Alikuwa akija nyumbani kila alipopata ruhusa, vumbi la nyuzi limemkaa kwenye nyusi, akiinama kupita mlangoni. Safari ya mwisho aliacha koti lake la kazi, maana kiwiko kilikuwa kimechanika. Akamwambia mkewe, "Lishone, nitalichukua nikirudi." Bibi akalishona, na kwa kuwa makoti ya kiwandani yalikuwa yakichanganywa, akadarizi na namba yake kwa uzi mwekundu ndani ya ukosi: mia mbili kumi na saba. Akalitundika nyuma ya mlango. Mwenyewe hakurudi.

Bibi alingoja, akatuma watu wakaulize. Watu wakarudi na jibu moja: yupo, anafanya kazi kama kawaida. Basi akamshika binti yake mkono, huyu Mama wa leo, wakati huo mtoto wa kuuliza maswali njia nzima, wakapanda basi mpaka huko kiwandani.

Pale getini palikuwa na ubao wa misumari, na kila mfanyakazi alikuwa na kibati chake cha shaba chenye namba. Asubuhi unachukua kibati chako unaingia nacho, jioni ukitoka unakirudisha msumarini. Msumari ukiwa mtupu, maana yake mwenyewe yumo ndani. Mlinzi alitazama ubao akasema, "Mia mbili kumi na saba? Yumo. Subirini kazi iishe."

Wakakaa ng'ambo ya barabara. Bibi akampa mtoto kazi: "Wewe angalia vichwa vya juu. Ukimwona, mwite." King'ora kikalia, watu wakamwagika getini, na mtoto akaangalia vichwa vya juu mpaka shingo ikamuuma. Hakumwona. Geti lilipokuwa tupu Bibi alimwendea mlinzi, na mlinzi akamwonyesha kibati kikiwa msumarini kwake, bado kinabembea. "Ameshatoka, mama. Amewapita."

Bibi alirudi nyumbani na neno hilo limemkwama kooni, hakulitema mpaka anaingia kaburini. Majirani ndio waliolitema kwa niaba yake, tena kwa raha zao. Mume yu hai, mzima, hataki tu kukuona. Mtoto akakua anaitwa wa baba mtoro. Na kila alipoitwa hivyo alijibu jibu lilelile, alilijibu akiwa msichana, akalijibu akiwa mama, akaendelea kulijibu kitandani miguu imevimba: "Mtu mrefu vile angenipitaje nisimwone? Nilikuwa naangalia juu!"

Kila mwezi alilitoa koti juani, akalikung'uta, akalirudisha nyuma ya mlango. Dobi mwenyewe aliwahi kumtania Chapu kwamba koti lile limepigwa jua kuliko wao wote. Mama hakuruhusu mtu alivae, hata siku za baridi. "Lina mwenyewe," alisema.

Basi jioni moja, Mama akiwa amelala kwa mito mitatu ili apumue, akamshika Chapu mkono. "Mwanangu, mimi siendi mbali tena. Nitafutie. Likiwa baya niletee baya, likiwa jema niletee jema. Nimechoka kutojua."

Chapu alikuwa ameshasimama kabla sentensi haijaisha. Chini ya godoro kulikuwa na bahasha ya kaki yenye mali yote ya ukoo: picha ya bwana arusi asiye na kichwa, na cheti cha kuzaliwa cha Mama kilichokunjwa mpaka kikakatika katikati, kimeandikwa jina la babu na kazi yake, kibarua wa magunia. Akaandika namba ya ukosi kwenye kiganja. Akamwomba dobi ruhusa, na dobi akasema, "Nenda, lakini shati la mwalimu umelipiga pasi upande mmoja tu, nimwambieje?" Chapu alikuwa tayari barabarani. Jirani, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usiofungwa, alibaki kumwangalia mgonjwa.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka mingi. Karatasi zake ziliishia kwenye chumba cha chini cha ofisi za mji, na mtunzaji wake alikuwa karani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Zililetwa na lori zikamwagwa hapa kama kokoto," alisema. "Nimezipanga mimi, kwa namba. Una namba? Wasio na namba huwa nawarudisha makwao."

Chapu akamwonyesha kiganja. Karani alipotea kati ya makabati, akapiga chafya, akarudi na faili. Jina ndilo. Namba ndiyo.

"Soma," Chapu akasema. "Soma upesi."

Karani alisoma. Aliajiriwa akiwa kijana, kubeba marobota. Akahamishiwa mashine za kusokota. Akaoa, na jina la mke halikuwa la Bibi. Akapewa chumba katika nyumba za kiwanda. Watoto wanne, wavulana watatu na binti mmoja. Akapandishwa cheo. Akastaafu kwa uzee, akafa kwa uzee, akazikwa makaburi ya wafanyakazi, jiwe limewekwa na kiwanda. Mahali pa picha palikuwa na gundi kavu tu; picha zilishabanduka, karani alisema, za watu wengi.

"Kwa hiyo alikuwepo," Chapu akasema. "Miaka yote hiyo."

Karani alivua miwani akaifuta. "Dada, nikwambie kitu. Hili ni faili la kibati, si la mtu. Kuna mzee alifanya kazi pale, huja hapa kila Jumatatu kupiga soga. Msubiri umuulize."

"Nimuulize nini tena? Jina si hili?"

"Ndilo."

"Namba si hii?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi!" Na basi la kurudi lilikuwa linapiga honi stendi. Mwenda pole hajikwai, walisema wazee, lakini waambie watu wengine methali hiyo, Chapu ilimpita upande. Angesubiri! Siku tatu nne tu, alale popote, ale chochote, asubiri. Nikikumbuka hapa nataka kumshika mabega nimtikise.

Njiani alijipa moyo. Mama alisema likiwa baya aletewe baya. Dawa chungu nayo ni dawa. Aliingia ndani bila hata kuvua kandambili, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwaga yote kwa pumzi moja: mke mwingine, chumba, watoto, cheo, jiwe la kaburi.

Jirani alinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Alikuwa na binti?" Mama akauliza mwishowe.

"Mmoja."

"Basi alimbeba," Mama akasema. "Alikuwa anapenda kubeba mtoto mabegani." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Kumbe alinipita kweli. Kumbe aliniona nimekaa pale akanipita."

Hakulia. Afadhali angelia. Aligeukia ukutani, na tangu dakika hiyo uji uliletwa ukarudi, dawa ikaletwa ikarudi. Chapu alimwona akizeeka mbele ya macho yake, mtu ambaye wiki iliyopita bado alikuwa anagombana na ulimwengu. Siku mbili zilizofuata Mama alisema jambo moja tu.

"Nipe ule mkasi mkubwa."

"Wa nini, Mama?"

"Mkasi ni wa nini? Wa kukatia."

Chapu akampa, akidhani ni kucha. Akili yake haikuwa pale. Akili yake ilikuwa kwa hao watoto wanne. Faili lilikuwa limetaja nyumba zao, na yeye alikuwa amevimba kwa hasira kama unga wa chachu. Mtu wa kumlaumu alikuwa kaburini, lakini damu yake ilikuwa inatembea. Asubuhi ya tatu alipanda basi tena, na njia nzima alikuwa akipanga matusi kwa utaratibu, madogo mbele na makubwa nyuma.

Nyumba za kiwanda zilikuwa bado zimesimama, safu kwa safu, rangi zimechujuka. Aliuliza jina la babu, akaelekezwa kwenye kibanda cha kinyozi pembeni ya njia. Huyo ndiye mtoto pekee aliyebaki mjini, wengine walishakufa au walihama. Kinyozi alikuwa mtu mzima mwenye mvi, ana wembe mkononi, na kwenye kiti alikuwa ameketi mteja mwenye povu shavu moja.

Chapu akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Shikamoo, mjomba!" alisema, kwa sauti ya kuita mashahidi.

"Marahaba," kinyozi akajibu, wembe hewani. "Mjomba kwa upande gani, mama?"

"Kwa upande wa baba yako, aliyemtelekeza mama yangu akaja kukuzaa wewe!"

"Loo!" mteja akasema. "Mnyoeni mtu kwanza, ndipo mgombane."

Chapu hakungoja mtu anyolewe. Alimweleza kinyozi habari za Bibi ng'ambo ya barabara, na mtoto aliyeangalia juu mpaka shingo ikauma, na mwanamke anayekufa sasa hivi ameelekea ukutani. Matusi aliyopanga yakamchanganyikia, makubwa yakatangulia madogo. Kinyozi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Mia mbili kumi na saba?"

"Hiyohiyo! Unaijua, eeh?"

Kinyozi akafuta wembe begani, akanyoosha kidole juu ya kioo. Palikuwa na picha ndani ya fremu. "Mzee wangu yule pale."

Alikuwa mtu amesimama kando ya baiskeli, na tandiko la baiskeli lilikuwa linamfika kifuani. Koti la kazi lilikuwa limekunjwa mikono mara kadhaa na bado limefunika vidole. Chapu alitazama, akasogea karibu, akatazama tena.

"Huyu? Mbona ni mfupi?"

"Mfupi!" mteja akasema kwenye povu lake. "Yule mzee alikuwa anapanda kigoda kutundika kibati!"

Kinyozi alivuta benchi. "Kaa, mama. Jina hili si letu. Mzee alivaa kibati."

Chapu hakukaa. Kinyozi akamweleza akiwa amesimama. Kuajiri mtu mpya pale kiwandani ulikuwa mlolongo mrefu, daktari, vipimo, miezi ya majaribio, na mnyapara hakutaka mashine ilale. Kwa hiyo mtu akiondoka, mnyapara alitoka nje getini ambako vijana walikuwa wamepanga mstari wa kuomba kazi, akamnyooshea mmoja kidole, akampa kibati cha aliyeondoka. Ukikipokea, jina lililoandikwa mbele ya namba hiyo ndilo lako. Ukiitwa unaitika. Ukioa unaoa nalo, ukizaa unawapa watoto, ukifa linachongwa kwenye jiwe. Nusu ya watu wa safu zile walikuwa wamevaa majina ya wenzao, na kila mmoja alijua la jirani na kunyamaza, maana ukimchoma mwenzako na wewe unaungua.

"Baba yangu naye alikuwa hivyohivyo," mteja akasema, sasa bila mzaha. "Cha kwake kilikuwa cha mtu aliyehama. Bahati yake."

"Na mwenye hiki?" Chapu akauliza. "Yeye alikwenda wapi?"

Kinyozi alitazama chini. "Mzee aliniambia siku zake za mwisho. Mnyapara alipompa kibati alimwambia, mwenye hiki katoka jana mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma kwenda wapi?"

Wanaume wawili wakatazamana. Mteja ndiye aliyesema. "Mlango wa nyuma ulikuwa wa takataka za nyuzi, mama. Na watu walionaswa na mashine. Mkokoteni ulikuwa mmoja. Wakiandika kwamba mtu kafa, wakaguzi wanakuja, mashine zinasimama. Wakimpa mwingine kibati asubuhi yake, hakuna aliyekufa."

Hapo Chapu akakaa.

Alikaa na mikono yake mapajani, ile mikono yenye makovu, akafikiri kwa mara ya kwanza bila haraka. Babu alikuwa ameshakufa. Bibi alipokuwa anatuma watu kuuliza, babu alikuwa ameshakufa. Kibati kilipokuwa kinabembea msumarini, alikuwa ameshakufa, na jina lake lilikuwa ndiyo kwanza limetoka kazini.

"Kuna jambo jingine," kinyozi akasema. "Sijui kama nikwambie."

"Niambie."

"Mzee alikuwa bado mgeni kazini. Jioni moja ametoka, akamkuta mwanamke na mtoto wa kike ng'ambo ya barabara. Mlinzi akamnong'oneza, wale wanakutafuta. Yaani wanamtafuta yule. Akawaza aende awaambie. Lakini angesema neno angefukuzwa, na kwao walikuwa wanamtegemea. Akawapita. Alisema mtoto alikuwa akiangalia juu, juu ya kichwa chake, hata hakumwona." Akakunja wembe. "Kila alipofika hapo alikuwa analia. Mzee mzima, analia kama mtoto."

"Na jina lake la kweli?"

"Alinitajia mara moja, nikiwa mdogo. Nimelisahau, mama. Huenda na kwao kuna watu walimsubiri vilevile, wakachoka."

Chapu alikuwa amekuja kutukana, na sasa hakuwa na hata tusi moja la kurudi nalo. Aliuliza waliotoka mlango wa nyuma walizikwa wapi. Kinyozi alifunga kibanda, akamwacha mteja na shavu lake moja, akampeleka. Nyuma ya ukuta wa kiwanda palikuwa yadi ya malori. Ardhi ilikuwa nyeusi kwa oili, na mtu alikuwa anaosha tairi kwa mpira wa maji. Hapakuwa na jiwe, wala kijiti, wala mtu wa kuuliza. Chapu alisimama katikati asijue aelekee upande upi. Dereva mmoja akapiga honi. "Mama, sogea, nageuza!" Akasogea.

Walipoagana kinyozi aliuliza kama angependa kuona jiwe lenye jina la babu yake, makaburini. Chapu akasema hapana, aliyelala pale si wake. Ila alimpa mkono, akamwita mjomba tena, safari hii bila kejeli. Kinyozi akaitika.

Na ndani ya basi, jamani, Chapu alifurahi. Ndiyo, alifurahi. Alikuwa analia na anafurahi, abiria wa pembeni akamsogezea begi lake mbali. Mama alikuwa kweli tangu mwanzo! Mtu mrefu vile angempitaje? Hakumpita. Hakumkimbia. Majirani wote waliomcheka walikuwa wamecheka maiti. Angempelekea Mama neno hilo, na Mama angeugeuzia ukuta mgongo, angekunywa uji, angekufa siku yake ikifika akiwa na baba.

Mvua ilikuwa inanyesha aliposhuka. Alikimbia kutoka stendi, matope mpaka magotini, akasukuma mlango.

"Futa miguu," Mama akasema kutoka kitandani, sauti ikiwa uzi mwembamba. "Usinitilie tope ndani."

Chapu akafuta miguu mlangoni harakaharaka, akaenda kupiga magoti palepale alipopiga mara ya kwanza. Jirani akatoka kuwapisha. Chapu akasema yote: kibati, mnyapara, mlango wa nyuma, mtu mfupi aliyewapita na mtoto akaangalia juu ya kichwa chake. "Hakukupita, Mama. Alikuwa ameshakufa. Ulikuwa unasema kweli maisha yako yote."

Mama alikuwa anatazama dari. "Mh," akasema.

"Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia. Juzijuzi ulikuja hapohapo, kwa magoti hayohayo, ukaniambia alikuwa hai, ana mke, ana binti. Nikakuamini. Nimemlilia moyoni nikammaliza. Leo unaniambia alikufa. Kesho utaniletea yupi?"

"Lakini hii ndiyo kweli!"

"Na ile ilikuwa nini?"

Chapu akamshika mkono ulio juu ya shuka.

"Nakujua, mwanangu," Mama akasema, na alisema kwa upole, hilo ndilo lililouma. "Umeniona nakufa vibaya, ukaenda kunitafutia uongo mzuri. Mtoto mwema wewe. Lakini huna ustadi. Tangu utotoni hujui kudanganya taratibu."

"Mama, wallahi sidanganyi. Nina ushahidi! Koti! Koti litasema lenyewe. Yule mtu wa kwenye picha tandiko la baiskeli linamfika kifuani, koti la babu lingemburuza chini. Faili si la mtu mmoja. Ngoja nikuletee, ushike mkono wake tu, upime mwenyewe." Alikuwa ameshasimama, ameshageukia mlango. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari.

"Mama, koti liko wapi?"

Mama alivuta pumzi, kipande kwa kipande.

"Umelikanyaga ukiingia."

Chapu alirudi mlangoni. Vilikuwa vipande vimekatwa kwa mkono usio na nguvu, kingo zimepinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama dekio la kufutia miguu. Jirani ndiye aliyesaidia kuvitandaza. Cha juu kabisa kilikuwa ukosi. Uzi mwekundu ulionekana kidogo chini ya tope la miguu yake mwenyewe.

Mkasi haukuacha kitu cha kupima. Mkono wa koti ulikuwa umekatwa mara nne, na hakuna mtu angeweza kusema ulikuwa wa mrefu au wa mfupi. Chapu alivifua vipande vyote usiku ule, maana kufua ndiko alikokujua. Alivikausha kwa pasi, akajaribu kuvishikiza pamoja, vikakataa. Asubuhi alichukua ukosi, safi, umenyooka, akauweka taratibu juu ya miguu ya mama yake.

Mama aliutazama. Akausogeza kwa kidole cha mguu mpaka ukaanguka sakafuni.

"Rudisha mlangoni," akasema. "Mvua bado haijaisha."

Alikata roho siku mbili baadaye, bado inanyesha, na hakumtaja tena baba yake.